Propela ya mashine ya boti: acha mapanga, kagua raba

Bamvua ya Juni, zile siku za maji makubwa kujaa na kupwa, tulitoka Msimbati saa nane mchana na kilo 140 za pweza kwenye boksi la barafu. Kusi ilikuwa imeamka, si ya kutisha, na kwa kuwa tulikuwa tunarudi Mtwara mjini tulikuwa nayo mgongoni. Boti yangu ni ya fiber, futi 22, mashine Yamaha ya hosipawa kumi na tano. Propela ilikuwa na siku 11 tangu niitoe dukani. Tulipokwisha kuacha miamba, mjomba, ambaye ndiye nahodha wangu, akaongeza resi. Mashine ikalia kama bodaboda iliyokatika cheni, boti ikabaki palepale. Akapunguza, ikatembea. Akaongeza, ikasimama.

Nilidhani ni mwani umejisokota, au mshipi wa mtu. Akainua mashine, tukatazama. Mapanga yote matatu mazima, yanang'aa, hata rangi haijachubuka. Mjomba akaingiza kidole kwenye kitovu cha propela, akakitoa cheusi.

"Raba imeachia, mwanangu."

Tukaenda kwa resi ya chini kabisa, turubai la boksi tumelifunga kwenye upondo lisaidie kidogo. Mpaka hapo kusi ilikuwa inatubeba. Kasheshe ilianza kwenye kuizunguka rasi ya Msangamkuu, maana ukishakata kuingia ghubani upepo unakuja usoni, na mashine isiyokubali resi haina tofauti na jiwe ulilofunga nyuma ya boti. Tuligusa mchanga saa mbili usiku. Gari la mnunuzi lilikuwa limeshaondoka. Pweza wale niliwauza kesho yake kwa bei ya kuona haya, baada ya kuwanunulia barafu mara ya pili.

Tangu nianze kulisimulia hili sokoni, sipiti siku mbili bila mtu kuniambia na yeye yalimkuta. Mmoja wa Kitunda, ng'ambo ya Lindi. Wawili wa Sudi. Mama mmoja wa Naumbu ambaye mwanawe alirudi kwa makasia. Kila mmoja aliponunua alikagua mapanga, akayagonga kwa kucha, akaridhika. Nami nilifanya hivyohivyo, kwa hiyo sina wa kumcheka.

Mambo mengine sitayagusa sana. Mapanga matatu au manne, kipenyo cha inchi ngapi, rangi nyeupe au nyeusi, hayo kila fundi atakueleza bila kuulizwa. Juu ya pichi nitasema kidogo tu. Ile namba ya pili iliyoandikwa kwenye propela ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, mfano skrubu kwenye mbao. Boti ya kubeba mizigo inataka namba ndogo, boti nyepesi inataka namba kubwa. Ukipachika kubwa kwenye boti iliyoshiba barafu na samaki, mashine haifiki resi yake. Kumi na tano ya Yamaha ya tuu stroku inatakiwa izunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika ukiwa umefungua yote, na ikishindwa kufika huko inajichosha na kunywa mafuta. Basi. Tuje kwenye raba.

Propela si kipande kimoja. Ukiitazama kwa nyuma, upande wa nati, utaona katikati bomba fupi la chuma lenye meno kwa ndani. Meno hayo ndiyo yanayoshika meno ya shafti. Limezungukwa na raba nene, na nje ya raba ndipo unapoanza ukuta wa alumini unaobeba mapanga. Mafundi wanaita bomba na raba yake bushi. Yaani mashine haiyageuzi mapanga moja kwa moja. Inageuza raba, raba ndiyo inayageuza mapanga. Kazi yake ni kupokea kipigo: ukigonga mwamba wa Mnazi Bay kwa kasi, raba inateleza kidogo na gia zako zinapona. Gia ni ghali kuliko propela yoyote utakayoiona mkoa huu.

Kwenye propela nzuri raba hiyo imesukumwa kwa presi kuingia kwenye tundu dogo kuliko yenyewe, ndiyo maana inabana. Kwenye yangu ilikuwa imepakwa gundi. Niliijua gundi ile nilipoipasua baadaye, imekauka vipande vya rangi ya asali. Na ukumbuke kwamba moshi wa mashine hizi unatokea hapohapo, unapita katikati ya kitovu kuzunguka ukuta unaoshika raba. Ukiongeza siku za kulala juani kwenye mchanga, gundi gani itavumilia?

Hila ya raba inayoachia ni kwamba haikwambii mapema. Kwa resi ndogo bado inashika, kwa hiyo unatoka pwani vizuri, unawapungia watu mkono. Inaanza kuteleza pale unapohitaji nguvu: umebeba, upepo ni wa mbele, au unalikwepa wimbi kwenye mlango wa mwamba. Na ukiinua mashine kukagua huoni kitu. Mtu anabadilisha plagi, anasafisha kabureta, anamlaumu muuza petroli. Kuna jirani alishusha mashine nzima kabla mtu hajamwambia aitazame propela.

Hivi ndivyo ninavyokagua sasa kabla ya kutoa pesa, na muuzaji akikataa naondoka.

Naitoa kwenye boksi na nailon yake, naipeleka nje kwenye mwanga wa jua, si taa ya dukani. Natazama raba kwa nyuma. Unene wake uwe sawa kuzunguka pande zote. Ikiwa upande mmoja ni nyembamba kama unyasi na wa pili ni nene kama kidole, bomba halikukaa katikati na propela itatetemeka mpaka ile sili ya gia, inayozuia maji yasiingie ndani. Naibonyeza kwa ukucha. Irudi. Ikibaki na alama kama ubani, hapana. Natafuta gundi iliyofura pembeni. Halafu nailaza kifudifudi juu ya kioo cha kaunta na kupima ncha za mapanga kutoka kwenye kioo kwa njiti za kiberiti. Zote tatu ziwe sawa. Siku moja nilikuta ncha moja imeinuka njiti mbili zaidi ya wenzake, muuzaji akaniambia ndivyo wanavyotengeneza siku hizi.

Baada ya kuifunga kwenye boti kuna kipimo cha mwisho, nacho ni rangi ya kucha. Napaka mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye bomba, unavuka raba, unaishia kwenye ukuta wa alumini. Tunatoka, tunarudi, nainua mashine natazama. Mstari ukiwa umekatika, nusu iko hapa na nusu imehamia kule, raba imeteleza, na sihitaji fundi kunithibitishia. Mjomba alinicheka siku nzima nilipoipaka rangi nyekundu mashine yake. Sasa ananikumbusha chupa.

Nazipanga hivi, kwa boti za kazi za huku kwetu, mashine za kumi na tano na arobaini.

Namba moja, Yamaha yenyewe, ya alumini.

Sijifichi, mimi ni wa Yamaha, na mtu akitaka kusema nimenunuliwa aje aone nilivyolipa. Wajapani hawa wanatengeneza mashine za boti tangu 1960, na zile Enduro zao zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi kama sisi, si wa kutembeza wageni Jumapili. Ninachowapendea ni kitovu. Propela ya kwanza iliyokuja na mashine yangu ilikaa miaka minne. Mapanga yaliliwa na mchanga wa Msimbati mpaka yakawa kama masikio ya mbwa mzee, tukayanyoosha kwa nyundo mara mbili, na raba bado ilikuwa inashika. Niliibadilisha kwa sababu ya mapanga. Hiyo ndiyo njia ambayo propela inatakiwa ife.

Jambo la pili ni herufi. Kwenye kitovu cha Yamaha vipimo vinafuatwa na herufi inayokueleza inaingia kwenye kundi gani la mashine. Kwa tisa nukta tisa na kumi na tano utakuta J, kwa arobaini utakuta G. Usikariri meno, kariri herufi. Ukimtuma kijana Dar akuletee, mwandikie vipimo pamoja na herufi, kisha apige picha kitovu kabla hajalipa.

Kasoro zake ni mbili. Rangi inatoka upesi, na bei. Mimi nililipa 240,000, na niliyemwona mbele yangu alilipa 225,000 kwa ileile. Tutarudi hapo.

Namba mbili, Solas.

Ni ya Taiwan, si ya kampuni yoyote ya mashine. Wao kazi yao ni propela. Ndugu yangu wa Mikindani aliifunga kwenye arobaini yake na mpaka leo anaisifia kuliko ninavyosifia mimi Yamaha, ugomvi wetu wa kila Idi. Raba yao imebanwa vizuri, nimeikagua mwenyewe kwa njiti na kwa ukucha. Kwa mashine kubwa wanazo pia ambazo kitovu kinatoka, raba ikifa unabadilisha kitovu peke yake na mapanga yanabaki. Wazo zuri sana. Tatizo langu ni la upatikanaji: Mtwara sijaikuta kwenye rafu hata siku moja, ya ndugu yangu iliagizwa Dar ikaja na basi. Propela ambayo ikivunjika leo unaisubiri wiki, wakati bamvua ni siku chache tu, inabidi uwe nayo ya akiba. Mwenye uwezo wa kununua mbili kwa mpigo, namba moja na namba mbili zinabadilishana nafasi.

Namba tatu, Yamaha ya mtumba iliyowekwa bushi mpya.

Hapa wengi watanishangaa kuiweka juu ya nyingine mpya. Lakini alumini ya zamani nzuri yenye bushi mpya ni bora kuliko alumini mpya yenye gundi. Sharti ni fundi. Uliza kwanza anatoaje raba ya zamani. Akikwambia anaichoma moto mpaka itoke, mshukuru uende zako. Moto ule unailegeza alumini, mapanga yanapinda kwa kugusa mchanga tu. Fundi wa kweli anaisukuma kwa presi, na mpya anaiingiza kwa presi hiyohiyo na maji ya sabuni, si grisi. Ukimwona anapaka grisi kwenye raba, ile itateleza kabla hujaivuka feri. Mapanga yaliyochomelewa kwa gesi hayana ubaya kama yamesawazishwa. Pima njiti zako.

Namba nne, stelesi.

Ni nzuri, nyembamba, inakata maji, hailiwi na mchanga. Na ndiyo sababu siitaki kwenye miamba yetu. Alumini ikigonga inapinda, hasara imeishia kwenye panga. Stelesi haipindi, kipigo kinaingia ndani, kwenye raba, shafti na gia. Mwenye boti ya mwendo kasi, anayepita maji ya kina tu, ajinunulie. Wa pweza na dagaa, pesa hiyo nunua Yamaha mbili.

Za plastiki na zile zisizo na jina: sina la kusema zaidi ya nililokwisha kusema. Kopi yangu, ile iliyoachia raba, niliinunua 95,000. Ukijumlisha pweza ilinigharimu kuliko Yamaha. Ya plastiki inafaa kulala chini ya benchi kama akiba ya kukufikisha nyumbani.

(Wenye mashine ndogo za hosipawa mbili, nyingi hazina raba hii. Zina pini inayokatika mahali pa raba. Ninyi nunueni pini kumi, mzifunge kwenye nailon, mzitundike palipo na spana. Nawaonea wivu.)

Sasa nirudi dukani.

Niliporudisha ile kopi muuzaji hakuitazama. "Dada, hiyo imeshaingia maji." Nikamuuliza propela isiyoingia maji inatumika wapi, akageuka kumhudumia mteja mwingine. Risiti aliyonipa siku ya kwanza ilikuwa kipande cha daftari kilichoandikwa "propera 1". Kosa hilo ni langu pia. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ningeidai siku ileile, nikiwa bado nimeshika pesa, maana ukishatoa pesa huna sauti.

Na kuna hili la kuongea na mjomba badala ya mimi. Naingia naye dukani, nauliza mimi, anajibiwa yeye. Nauliza herufi ya kwenye kitovu, yeye ndiye anaonyeshwa. Pesa ziko kwenye mkoba wangu, boti ni yangu, leseni iko kwa jina langu, mjomba mwenyewe amesimama anatazama dari. Juzi nilimwacha nje kwenye kivuli cha mwembe. Bei ikapanda elfu kumi na tano. Nikamwita aingie, ikashuka. Basi nimeelewa, mjomba ana thamani ya elfu kumi na tano kwa kila kifaa, nitaanza kumlipa posho ya kusimama.

Bei zenyewe zina majira kama upepo. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, kila mtu ana pesa na kila kitu kinapanda, hata vitu ambavyo havijawahi kuuona mkorosho. Ukiuliza unaambiwa usafiri kutoka Dar. Dar ni ileile, barabara ni ileile. Mimi nanunua mwezi wa nne au wa tano, pale masika inapomalizia, wavuvi wengi wamepumzisha boti na muuzaji anataka kusikia mtu anabisha hodi. Mwaka huu nilichelewa mpaka Juni, ndiyo mkasa wote huu.

Jambo la mwisho ni dogo na linaniudhi kuliko yote. Kota pini. Ni ile pini ya miguu miwili inayopita kwenye nati isifunguke. Nunua za stelesi, na nunua tano. Pwani nzima hii nimeona misumari, nimeona waya wa uzio, nimeona kipande cha spoku ya baiskeli. Msumari unaoza kwa kutu, nati inalegea taratibu, na siku moja unaongeza resi propela inakwenda zake chini na raba yake nzuri ya Yamaha. Kila mwezi fungua nati, vua propela, futa shafti, paka grisi kwenye meno, na utazame nyuma yake kama hakuna mshipi uliojiviringa. Mshipi unaikata sili ya gia, maji yanaingia, na oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa umechelewa. Rudisha washa, zile pete za kwenye shafti, kwa mpangilio uliozitoa nao. Mimi nazipanga juu ya kanga kwa mstari. Kisha pini mpya, si ile uliyoinyoosha kwa koleo.

Duka lile liliniuzia pini moja kwa elfu mbili. Nilidai risiti.